Mbwa wa Mwanjelwa wana wenyewe: kabla ya kudai kituo cha kuwalea, tuangalie mageti yetu

#1 Mwana_wa_Uyole

Wakuu, salamu kutoka Mbeya. Baridi ipo, mvua ipo, na mbwa wapo.

Kila zikisambaa picha za mbwa waliolala mbele ya mabucha ya soko la Mwanjelwa alfajiri, magrupu ya mtaa yanagawanyika pande mbili. Upande mmoja unataka jiji lilete bunduki. Upande wa pili, ambao unazidi kukua kwa sababu ya video za Ulaya na Marekani, unataka jiji lijenge kituo, mbwa na paka wote wakusanywe wakalelewe huko. Uzi huu nawaandikia zaidi hawa wa pili, maana nia yao ni njema na watu wenye nia njema ndio hawapingwi inavyotakiwa.

Mnasema mbwa wale hawana wenyewe. Hebu kaeni nje saa tatu usiku pale Ilemi, Itezi au Block T. Geti linafunguliwa, mbwa anatoka, geti linafungwa. Mwenye nyumba hajanunua chakula cha mbwa tangu mwaka uanze, anategemea mbwa ajitafutie. Mbwa anashuka sokoni, anakula matumbo ya samaki, mifupa ya kitimoto na ugali wa mama ntilie uliomwagwa, alfajiri anarudi kulinda nyumba. Watafiti waliohesabu mbwa maeneo mbalimbali ya Tanzania wamekuta jambo hilihili: wengi wa mbwa wanaozurura wana nyumba, na wasio na mtu kabisa ni wachache. Na mkitaka ushahidi wa macho, subirini siku ya chanjo ya bure. Gari la mifugo likipita na kipaza sauti, mbwa walewale wa jalalani wanaletwa kwa kamba ya katani na watoto wa mtaa, kila mmoja na jina lake. Simba, Tiger, Popi.

Sasa hao wachache ambao kweli hawana kwao wanatoka wapi? Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Mbwa akizaa mtaani kwetu, majirani wanakuja kuchagua. Swali la kwanza la kila mtu: "Dume lipo?" Madume yanaisha ndani ya siku chache, mengine yameshaahidiwa kabla hayajafumbua macho. Majike hakuna anayetaka, kwa sababu atazaa, atavuta madume getini, atasumbua. Basi majike wanawekwa kwenye kiroba, kiroba kinapandishwa bodaboda, na bodaboda anaambiwa akawaache "panapo chakula". Sokoni, kwenye machinjio, kwenye majalala, barabara ya kwenda Chunya kule msituni. Yaani dume, ambaye hazai, tumembakiza nyumbani. Jike, ambaye ndiye anayezaa, tumempeleka penye chakula cha bure na madume ya mtaa mzima. Kama mtu angeajiriwa kuongeza mbwa wa mitaani asingepanga vizuri zaidi ya hapo.

Mbwa jike huingia joto kama mara mbili kwa mwaka, anabeba mimba kwa siku zipatazo 63, anazaa watoto watano, sita, wakati mwingine zaidi. Wengi wanakufa kwa parvo (ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuharisha damu), kwa njaa au kwa magari ya Tunduma kabla ya kutimiza mwaka. Wanaobaki wanatosha. Paka ndiyo usiseme, anaweza kushika mimba nyingine huku bado ananyonyesha.

Halafu kuna uhamisho. Mji huu umejaa watumishi, wanafunzi na wapangaji. Barua ya uhamisho ikitoka, Fuso linapakiwa makochi, friji, hata maua ya kwenye kopo. Mbwa anaachiwa jirani kwa maneno tu, paka haachiwi mtu.

Kwa hiyo jengeni kituo leo, chenye nafasi ya mbwa mia mbili. Mwezi wa kwanza mtawajaza wa Mwanjelwa. Mwezi wa pili bodaboda wa viroba atakuwa amepata anwani mpya, tena safi, haina hata aibu ya kutupa. Mwezi wa tatu mtaanza kuchagua wa kuua. Mpaka jike mwenye kwao ahasiwe na geti lifungwe, hiyo kazi ni kutwanga maji kwenye kinu.

Karibuni kwa hoja. Matusi pelekeni jukwaa la siasa.

#2 Kamanda_wa_Ilomba

Mkuu umeandika gazeti lakini jibu ni fupi. Mtoto wa dada yangu aling'atwa akienda shule. Sindano kila baada ya siku kadhaa, nauli, hela, na usiku mtoto anaota mbwa. Risasi. Mkimaliza ndiyo mlete hizo semina.

#3 Mkinga_wa_Kabwe

Mimi duka langu linalindwa na hao mbwa bila mshahara. Nawatupia mifupa, wanajua harufu ya mwizi kuliko mlinzi wa kampuni anayelala na redio. Mkiwaondoa nani atanilipia? Naomba kufahamishwa.

#4 Mwana_wa_Uyole

@Kamanda_wa_Ilomba pole sana kwa mtoto, kwa dhati. Nitarudi kwenye risasi baadaye. @Mkinga_wa_Kabwe ukiwalisha ni wako ndugu yangu. Wachanje basi.

#5 Mkinga_wa_Kabwe

Wangu tena? Nilisema wananilinda, sikusema ni wangu.

#6 Mwana_wa_Uyole

Wakuu mnaona? Faida ni ya kwake, mbwa ni wa serikali. Huo ndio uzi wangu wote kwa mstari mmoja.

#7 Daktari_wa_Mifugo_NJK

Niko kwenye fani, nyanda hizihizi za juu kusini. Naomba niongeze ya kitaalamu kwa kifupi, ingawa najua nitashindwa.

Kwanza, mleta mada yuko sahihi kuhusu majike na watu wengi hawalielewi hili. Nikifungua kambi ya kuhasi, naletewa madume. Mwenye mbwa anataka dume lisizurure, lisipigane. Sawa, kuna faida yake, lakini idadi haishuki. Mkihasi madume tisa kati ya kumi, huyo wa kumi aliyebaki anatosha kupanda majike wote wa kata. Jike mmoja mkimhasi, mmefunga mlango mmoja kabisa. Tatizo ni kwamba upasuaji wa jike ni mkubwa zaidi, tunafungua tumbo na kutoa kizazi na mifuko ya mayai, kwa hiyo gharama ni kubwa kuliko ya dume. Mtu akisikia bei anamrudisha nyumbani, na baada ya miezi analeta habari za watoto saba.

Pili, kichaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, karibu wote Afrika na Asia, na mbwa ndiye chanzo cha takribani asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu. Kwa Tanzania kuna makadirio ya watafiti ya vifo kama 1,500 kwa mwaka, vingi haviingii kwenye daftari kwa sababu mgonjwa anafia nyumbani au kwa mganga. Dalili zikishaanza hakuna dawa. Anayeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyohiyo, asisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Uhusiano wake na wingi wa mbwa ni huu. Ili kukata maambukizi tunalenga kuchanja asilimia 70 ya mbwa. Tunaweza kufika hapo siku ya kampeni, tukapiga picha. Ila mbwa wetu wanaishi muda mfupi. Ndani ya mwaka waliochanjwa wengi wamekufa, na waliozaliwa tangu siku ile hawana kinga. Asilimia inashuka bila mtu kukosea chochote. Mji ambao mbwa hawazaliani ovyo, chanjo moja inakaa muda mrefu zaidi kwenye mtaa. Na kwenye kampeni leteni hata watoto wa mbwa, wengi mnawaacha nyumbani mkidhani ni wadogo mno.

Kuna imani kwamba ukimhasi mbwa anakuwa mlegevu, halindi. Mbwa analinda kwa sababu anapajua kwake. Kinachopungua ni kuzurura na kupigania majike. Jike aliyehasiwa yuko nyumbani mwaka mzima, hana wiki tatu za joto, hana mimba, haumwi kizazi kujaa usaha uzeeni. Anauepuka pia kirahisi ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana, ambao hapa kwetu naukuta mara nyingi kwa mbwa wanaozurura, unatoa damu na watu wanadhani ni joto lisiloisha.

#8 Mnyalukolo_Kihesa

Iringa hapa. Kabla ya yote, asije mtu na ule utani kwamba Wahehe tunakula mbwa. Tumeuchoka.

Kwetu shida ni paka zaidi, na wanaowaleta ni wanafunzi wa vyuo. Mwaka wa kwanza binti anaokota kapaka, anampiga picha, anampa jina la mwigizaji. Chuo kikifungwa kapaka kanabaki hosteli. Kufikia mwaka wa tatu nyuma ya jiko kuna ukoo. Wapishi wanawamwagia maji ya moto. Sijawahi kuona mtu mzima akiwaambia wale watoto kwamba ukimlisha mnyama wiki tatu umeshachukua mzigo.

Na daktari useme pia kuhusu vichwa. Maabara ya mifugo ya TVLA iko hapa Iringa, mbwa akishukiwa kichaa na akauawa, msimzike haraka wala msimchome. Mpigieni afisa mifugo wa kata, kipimo kinafanyika kwenye ubongo.

#9 Kamanda_wa_Ilomba

Afisa mifugo wa kata yangu simu yake haipatikani tangu enzi za Kikwete.

#10 Mndali_wa_Houston

Niko Texas mwaka wa kumi na kitu, jumamosi najitolea kwenye kituo cha wanyama cha manispaa. Wanaosema "jengeni kama Marekani" nawaomba mje mnitembelee.

Kabla ya korona, shirika la ustawi wa wanyama la ASPCA lilikadiria mbwa na paka milioni 6.3 wanaingia vituoni Marekani kila mwaka, na kama 920,000 wanauawa kwa sindano. Hiyo ni nchi yenye hela, yenye madaktari wa mifugo kila kona. Na hizo ni habari njema, kwa sababu miaka ya 1970 waliokuwa wanauawa walikadiriwa kwa mamilioni mengi kwa mwaka. Kilichoshusha namba haikuwa kujenga vizimba vingi zaidi. Los Angeles walifungua kliniki ya manispaa ya kuhasi kwa bei nafuu mwaka 1971, miji mingine ikafuata, na ikawa desturi kwamba mbwa hatoki kituoni kwenda kwa mtu bila kuhasiwa. Hapo ndipo wanyama wanaoletwa mlangoni walipopungua.

Lakini bado. Ukikaa mapokezi utasikia sababu zilezile za Mbeya kwa lafudhi nyingine. Nahama. Mwenye nyumba hataki. Amekua mkubwa kuliko nilivyotarajia. Mtoto ameshamchoka. Kuna jamaa alileta mbwa wa miaka kumi na miwili na siku hiyohiyo akauliza kama tuna mtoto wa mbwa wa kumpa. Wafanyakazi wanaochoma zile sindano ni watu wanaowapenda wanyama kuliko wewe na mimi, ndiyo maana waliomba kazi pale. Halafu usiku mtandaoni wanaitwa wauaji na watu walewale waliowaletea.

Kituo ni kwa ajili ya mnyama aliyeumia, aliyepotea, ambaye mwenyewe amefariki. Kikigeuzwa kuwa dampo la wenye afya kinakufa.

#11 Mwana_wa_Uyole

@Mndali_wa_Houston asante, huo ushuhuda ndio niliokuwa nausubiri.

Sasa risasi, @Kamanda_wa_Ilomba. Sikatai kuua mbwa mwenye kichaa, yule hana msaada na anateseka. Nakataa kuua kundi zima ukidhani umemaliza. Kwenye kisiwa cha Bali kule Indonesia, kichaa kiliingia mwaka 2008. Serikali ikaua mbwa kwa wingi, ugonjwa ukazunguka kisiwa kizima. Ulianza kurudi nyuma walipochanja kwa wingi. Sababu wala haihitaji digrii: anayepiga risasi hamuulizi mbwa cheti, anaua na waliochanjwa, na wenye mbwa wakisikia oparesheni inakuja wanawapakia mbwa wao kuwapeleka kwa shemeji kijijini, na ugonjwa unapanda gari pamoja nao. Nafasi inayobaki jalalani inajazwa na wapya, kwa sababu chakula kipo palepale.

India nao wametuonyesha sinema ya pande zote mbili kwa wiki mbili tu. Agosti 2025 Mahakama ya Juu iliagiza mbwa wa mitaani wa Delhi wakusanywe wote wawekwe vituoni wasirudi. Makelele yakawa makubwa, watu wakauliza vituo vyenyewe viko wapi na nani atalisha. Tarehe 22 mwezi huohuo mahakama ikarekebisha amri: wahasiwe, wachanjwe, warudishwe walipotolewa, isipokuwa wenye kichaa au wakali. Uturuki walipitisha sheria ya kukusanya mbwa mwaka 2024, na wao walikuwa wanakadiria mbwa wa mitaani milioni nne. Wagawe kwa idadi ya vizimba uone.

#12 Bibi_wa_Vwawa

Wanangu, mmesema mbwa mbwa. Huku Mbozi bila paka huvuni mahindi, unawavunia panya. Mimi nina ghala, paka nawahitaji na sitawahasi wote. Niambieni mnanihukumu?

#13 Daktari_wa_Mifugo_NJK

Shikamoo bibi. Hakuna anayekuhukumu. Paka wako wana kazi na wana mwenyewe, hao si shida. Ila panya wanakamatwa na paka aliyehasiwa vilevile, tena hatoki kwenda kutafuta dume kijiji cha pili. Acha jike mmoja azae akupe mrithi, wengine wahasi. Na wachanje, maana paka naye anashika kichaa kwa mbwa. Pia usiwaruhusu paka kula panya waliokufa kwa sumu, unapoteza paka mzuri.

#14 Bibi_wa_Vwawa

Marahaba mwanangu. Hapo nimekuelewa. Huyo mmoja nimeshamjua.

#15 Kamanda_wa_Ilomba

Tuseme nimekubali nusu. Nani atamlazimisha jirani yangu afunge geti? Sheria ipo?

#16 Daktari_wa_Mifugo_NJK

Zipo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inamwekea mwenye mnyama wajibu wa kumtunza na inakataza ukatili. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama Na. 17 ya 2003 ndiyo inayotupa meno kwenye magonjwa kama kichaa. Juu ya hapo kila halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo za mbwa wanaozurura. Utekelezaji ndiyo kilio chako cha #9, na siwezi kukutetea hapo, kata nyingi afisa mmoja ana ng'ombe, kuku, nguruwe na vikao.

Ila nimeona mtaa mmoja ulivyofanya bila polisi. Kwenye mkutano wa mtaa mwenyekiti alisoma orodha ya nyumba zenye mbwa, na kila mwenye jike akaulizwa mbele ya watu watoto wa mwisho walienda wapi. Kimya kile kilitosha. Wakachangishana, nikaenda na vifaa, nikapasua siku nzima kwenye ukumbi wa ofisi ya mtaa. Majike tu. Mkiwa wengi gharama kwa kila mmoja inashuka, kwa sababu safari, dawa za usingizi na kuchemsha vifaa vinagawanywa.

#17 Mwana_wa_Uyole

Hilo la kuulizwa mbele ya watu nimelipenda kuliko faini. Kwetu faini inalipwa kwa siri, aibu hailipwi.

Ningeongeza mambo ya takataka. Mabucha, machinjio na mama ntilie wakiwa na mapipa yenye mfuniko, na gari la taka likapita kwa wakati, mbwa wa sokoni watapungua wenyewe kwa sababu waliokuwa wanatoka majumbani watakosa cha kufuata. Wenye nyumba watalazimika kupika pumba na dagaa wa mbwa kama zamani. Wanaokusanya ushuru sokoni hili ni lao, sio la idara ya mifugo peke yake.

Nami natafuta nyumba kumi mtaani kwetu Uyole zenye majike, tuite daktari. Walioko karibu njooni inbox.

#18 Mkinga_wa_Kabwe

Wakuu, sasa niseme. Yule mweusi anayelala mbele ya duka langu ni jike, na amezaa juzi nyuma ya kontena. Wako sita. Nimempa boksi na gunia kwa sababu ya baridi, msinicheke. Daktari, naweza kumleta ahasiwe wiki hii? Na hao sita nifanyeje, maana bodaboda wa kiroba ameshapita kuniuliza.

#19 Daktari_wa_Mifugo_NJK

Wiki hii hapana. Mwache anyonyeshe, watoto waachishwe wakiwa na wiki sita mpaka nane, kisha subiri maziwa yakauke, wiki mbili tatu hivi, ndipo umlete. Usizidishe hapo, maana joto jingine halikusubiri. Siku ya kumleta asile tangu usiku, maji asubuhi kidogo tu. Baada ya upasuaji umfungie ndani siku 10 hadi 14, mahali pakavu, asilambe mshono.

Chanjo ya kichaa mpe yeye sasa hivi, kunyonyesha hakuzuii. Watoto wapewe dawa ya minyoo wakifika wiki mbili, halafu kila baada ya wiki mbili mpaka waachishwe. Majike ni wangapi?

#20 Mkinga_wa_Kabwe

Wanne. Madume mawili yameshaombwa.

#21 Kamanda_wa_Ilomba

Jike mmoja niwekee. Akishahasiwa. Na hela ya daktari tunagawana, usije ukaniambia mbwa ni wa serikali.